Chupa Mbili Safi Mno

Saa kumi kamili milango ya bwawa ingefunguliwa, na sasa ilikuwa saa saba na robo mchana.

Mvua za wiki nzima zilikuwa zimelijaza bwawa pomoni. Mhandisi aliyelisimamia alimweleza Mama Kwa Nini kwa simu, kwa upole wa mtu aliyekwisha kuamua, kwamba maji hayana subira: yasipofunguliwa kwa mpango yatajifungulia yenyewe, na hapo mji utalia. Gari la kipaza sauti lilikuwa limepita mitaani tangu jana jioni likiwaonya watu wakae mbali na mto. Maji yangepanda kuliko kimo cha mtu, tena kwa dakika chache. Kama Daktari alikuwa bado hai mahali fulani kando ya mto, tangazo hilo hakulisikia.

Mama Kwa Nini halikuwa jina la heshima. Alipewa na wapelelezi wenzake waliochoshwa na swali lake, naye akaliacha likae, maana lilimpunguzia kazi ya kujitambulisha. Alikuwa mwanamke mfupi, miwani ikining'inia kifuani kwa uzi. Alikwisha kutafuta watu kumi na mmoja waliopotea. Ni watatu tu aliowakuta wakipumua.

Yaliyojulikana yalikuwa machache. Daktari, mtafiti wa afya ya mito, mtu wa miaka hamsini na saba mwenye goti moja bovu, alikwenda mtoni jana asubuhi pamoja na fundi wake wa maabara kuchukua sampuli, kama wafanyavyo kila mwezi. Vituo vyao ni sita. Cha kwanza na cha pili viko juu kabisa, kwenye genge, pale mto unapopita kati ya kuta za mwamba. Cha tatu kiko chini ya daraja la zamani, na vitatu vilivyobaki viko chini zaidi, baada ya kiwanda cha ngozi. Fundi aliwaeleza polisi kwamba walimaliza vyote sita, akamwacha Daktari darajani saa saba akila mkate wake ndani ya gari, yeye akapanda basi kurudi maabara. Daktari hakurudi. Gari lilikutwa palepale, ufunguo juu ya gurudumu la nyuma alikozoea kuuficha, na ndani mna simu yake na sanduku la mbao lenye chupa sita za sampuli, zote zimejaa. Kazi ilikwisha, kwa hiyo mtu alipotelea darajani. Kila mmoja alifikiri hivyo, na wapiga mbizi walikuwa wakipekua maji kuanzia hapo kwenda chini tangu alfajiri.

Sajini, msaidizi wake, kijana mwenye haraka na viatu vinavyong'aa hata matopeni, alikuwa amekwisha kumpata mwuaji. Kwake, mwuaji alikuwa msimamizi wa kiwanda cha ngozi. Ripoti zote za Daktari zilisema mto ni mzima juu ya kiwanda na mgonjwa chini yake, na mwezi uliopita, mbele ya mkutano mzima, msimamizi alimwambia kwamba iko siku mto huo huo utammeza.

Mama Kwa Nini alikuwa ametoka kumhoji. Alimkuta mtu mnene, amechoka, ambaye hakukana maneno yake wala hasira yake. Jana alikuwa kiwandani kutwa, na wafanyakazi arobaini walimwona. Alisema jambo moja tu ambalo mpelelezi aliliandika.

"Ngozi zangu zinanuka, sikatai. Lakini mwambieni na juu aangalie vizuri. Maji yananifikia tayari yana harufu."

Sajini alicheka ndani ya gari. Alisema mla kuku wa mwenzie miguu humwelekea, na huyu miguu imemwelekea hadi mtoni. Mama Kwa Nini alimwambia aendeshe, tena apunguze methali.

Maabara ilikuwa chumba kirefu chenye meza za saruji, sinki tatu, hadubini mbili zilizofunikwa kwa mifuko ya nailoni na harufu ya spiriti iliyoshika hata mapazia. Kwenye kabati la kioo zilipangwa chupa ndogo kama vidole, mamia kwa mamia, kila moja na mdudu wake. Ukutani ilitundikwa ramani ya mto yenye duara sita: mbili za juu kijani, ya tatu njano, tatu za chini nyekundu.

Mke wa Daktari alikuwa ameketi kwenye stuli kando ya mlango, mkoba mapajani. Hakulia. Alisema nyumbani kumejaa ndugu wa mume waliokuja kumfariji mapema mno, akaona heri aje kukaa hapa penye vitu vya mumewe. Fundi, mwanamke mwembamba wa miaka arobaini aliyefanya kazi na Daktari miaka kumi na mmoja, alikuwa akimwita dada na kumletea maji ambayo hakuyanywa.

Mama Kwa Nini aliomba sanduku la chupa lifunguliwe. Sajini alitazama saa yake kwa namna ya kutaka aonekane. Ilikuwa saa nane kasoro dakika tano.

Fundi aliwaeleza kazi yenyewe, na sauti yake ilitulia kadiri alivyoeleza. Afya ya mto haipimwi kwa kuyatazama maji, alisema, maana maji hudanganya. Hupimwa kwa wale wanaoishi ndani yake. Unaingia mtoni na wavu, unakanyagakanyaga mawe kwa dakika mbili, wadudu wanang'oka na kuingia wavuni. Unawatia kwenye chupa ya spiriti, na ndani yake karatasi iliyoandikwa kwa penseli, kwa kuwa spiriti hula wino. Maabara unawahesabu, na kila aina ina alama zake. Wapo wadogo wenye mikia miwili ambao hawavumilii uchafu hata siku moja. Ukiwakuta, mto ni mzima. Wapo funza wekundu ambao hukaa hata penye uozo. Ukikuta hao peke yao, mto huo umekwisha.

"Na huanzia kituo gani?" aliuliza Mama Kwa Nini.

"Cha sita. Tunatoka chini kwenda juu siku zote."

"Kwa nini?"

"Ukianzia juu, matope unayoyatimua yanakutangulia kwenye kituo kinachofuata. Daktari hashuki mto. Anaupanda."

Akamimina chupa ya sita kwenye trei nyeupe. Yakatoka matope, mchanga, vipande vya majani, na katikati yake funza wekundu na ruba wawili. Ya tano vivyo hivyo, na ya nne. Ya tatu ilikuwa na nafuu kidogo. Spiriti ya chupa zote nne ilikuwa imegeuka rangi ya chai kwa kulala na uchafu usiku mmoja. Kisha fundi akafunga sanduku, akasema chupa ya pili na ya kwanza zinaweza kusubiri, hizo huwa nzuri tu.

Mama Kwa Nini alivaa miwani yake. Alilifungua sanduku mwenyewe, akazitoa chupa hizo mbili na kuzisimamisha dirishani kando ya zile nne.

Spiriti ya hizo mbili ilikuwa nyeupe kama maji ya kunywa.

Alimimina ya pili kwenye trei. Hapakuwa na punje ya mchanga wala jani. Wadudu ishirini na kitu wa mikia miwili walilala chini ya trei, wazima, miguu yote kamili, lakini wamepauka kama kanga iliyofuliwa miaka. Wale wa kituo cha tatu walikuwa bado na ukijani na ukahawia wa mtoni. Mpelelezi alitazama trei, akageuka akatazama kabati la kioo lenye wadudu weupe wa miaka mingi. Sajini, ambaye hakuwa mjinga bali mwenye haraka tu, naye aligeuka akalitazama.

Mama Kwa Nini hakumsemesha fundi. Alikwenda kwa mke wa Daktari, akachuchumaa mbele yake, na kumwuliza kama mumewe ana mazoea yoyote anapomaliza kazi mtoni.

Mke alitabasamu bila kutaka. Alisema ni wavu. Mumewe akimaliza, huugeuza wavu ndani nje na kuuanika kabla ya kufanya lolote lingine, hata kabla ya kula. Nyumbani aliwahi kuuanika kwenye kamba katikati ya nguo za wageni, wakanuka mto hadi wanaondoka. Mama Kwa Nini akamwuliza Sajini kama garini palikuwa na wavu. Hapakuwa na wavu, alijibu Sajini, wala viatu vya mpira. Walidhani vimekwenda na maji pamoja na mwenyewe.

"Na sanduku hili," alisema Mama Kwa Nini, "lina matundu manane. Chupa ni sita. Kwa nini?"

"Hubeba nane siku zote," alisema mke. "Mbili za akiba. Huwa anasema mto haumngoji mtu aliyevunja chupa."

Fundi alikuwa ameshika ukingo wa sinki kwa mikono miwili.

Ilikuwa saa nane na dakika ishirini. Mama Kwa Nini angeweza kumzungusha, kumwachia kamba ajifunge mwenyewe, kama alivyofanya kwa wengi. Hakuwa na muda huo.

"Mdogo wangu," alisema, "nani huchukua sampuli za kituo cha kwanza na cha pili?"

"Mimi. Kwa sababu ya goti lake. Yeye anafanya vinne vya chini, mimi ananishusha kwenye njia ya genge."

"Mara ya mwisho umefika huko lini?"

Njia ya mwongo ni fupi, na ya fundi ilikuwa imeishia penye sinki.

"Miaka miwili," alisema. "Niliteleza. Maji yalinibeba mpaka nikanasa kwenye mzizi. Nilitoka nimejaa damu, nikasema nyumbani kwamba nimeanguka kutoka kwenye basi. Tangu siku hiyo nikifika kwenye ile njia miguu inakataa. Nakaa kwenye jiwe kwa saa mbili, najaza chupa kwa wadudu wa kabatini, narudi."

"Kwa nini hukumwambia?"

"Angeenda mwenyewe." Aliliachia sinki. "Na lile goti. Angeenda mwenyewe."

Mke wa Daktari alisimama. Mkoba ulianguka, hakuuokota.

Yaliyobaki Mama Kwa Nini aliyapanga kwa sauti ili Sajini asimwulize tena. Jana saa saba fundi aliondoka. Daktari alikula mkate wake huku akizitazama chupa zilizo mbele yake, kama ambavyo mtu mwingine angetazama gazeti. Akaona matope katika nne na usafi katika mbili. Hakumpigia mtu simu, kwa kuwa hakuwa mtu wa kumwaibisha mwenzake kwa kudhani tu. Akachukua wavu, viatu na zile chupa mbili za akiba, akapanda genge na goti lake bovu kwenda kuhakikisha. Wapiga mbizi walikuwa wakitafuta upande usio wenyewe kwa sababu chupa sita zilizojaa ziliwaambia kazi imekwisha.

"Ulijua?" Mke alimwuliza fundi, polepole. "Tangu jana, ulijua?"

"Walipotaja kwamba wavu haupo, nilihisi, dada. Nikajiambia atarudi."

Mke alimpa mgongo. Mficha uchi hazai, lakini fundi alikuwa ameficha mpaka ikafika roho ya mtu, na hapakuwa na methali ya kumfariji mmoja wao.

Mama Kwa Nini alikuwa tayari kwenye simu. Mhandisi alimsikiliza. Alisema maji yamebakiza shubiri mbili kufika ukingoni, na chini ya genge kuna nyumba zaidi ya mia tatu ambazo ukuta wa bwawa ukikatika hazitaonekana tena. Angeweza kungoja mpaka saa kumi na nusu. Akaulizwa kama inaweza kuwa saa kumi na moja. Akasema mama, nina watoto kwenye nyumba hizo. Mama Kwa Nini alimshukuru, kwa sababu mtu huyo alikuwa amempa kila alichokuwa nacho.

Njia ya genge ilianza nyuma ya kituo cha umeme, nyembamba, utelezi mtupu. Walifika saa tisa na robo: Mama Kwa Nini, Sajini, askari wawili wenye machela na kamba, na fundi. Hakuna mwingine aliyeijua njia. Kwenye jiwe bapa la mwanzo wa njia, lile alilokalia miaka miwili, fundi alisimama. Sajini alitaka kusema neno, Mama Kwa Nini akamkanyaga kiatu. Fundi akapiga moyo konde, akashika mzizi wa kwanza, akatangulia.

Waliita jina lake la kazi, Daktari, Daktari, na mto ulilimeza kila mara. Viatu vya Sajini viliacha kung'aa. Saa kumi kasoro dakika tano walifika kituo cha pili. Hapakuwa na mtu. Juu ya mwamba mkavu, mahali ambapo maji yasingefika siku ya kawaida, ilisimama chupa moja, imefungwa vizuri, spiriti yake rangi ya chai, na ndani karatasi iliyoandikwa kwa penseli: kituo cha pili, saa nane na nusu.

Askari mmoja alionyesha chini. Alisema huenda aliteleza hapa na kushuka na maji, na chini kuna vichaka vingi, waanzie huko. Muda haukutosha kutafuta pande zote mbili. Kamba iliyofungwa machela ilikuwa ikimkata Mama Kwa Nini kiganjani, na alihisi hofu ya kweli, ile ya kuchagua vibaya na kuishi nayo. Alimtazama fundi.

"Chupa ya kituo cha pili imejaa," alisema fundi. "Wavu haukuanikwa. Hajamaliza. Yuko juu."

"Una hakika?"

"Daktari hashuki mto."

Wakapanda.

Walimwona saa kumi na dakika kumi na nane, kwa sababu ya wavu, ambao ulikuwa umeshikiliwa juu kwa mkono mmoja na kutikiswa kama bendera ya mtoto. Daktari alikuwa ameketi majini hadi kiunoni, mguu wa goti bovu umenasa kati ya mawe mawili. Midomo ilikuwa imekauka na uso umekuwa wa kijivu. Alikuwa amekaa hivyo tangu jana alasiri, usiku kucha. Sajini aliingia majini bila kuvua chochote. Askari waliingiza mti kati ya mawe, wakasukuma, mara moja, mara mbili. Fundi alipiga magoti majini, akauchimbua mchanga chini ya kiatu kwa vidole, palepale ambapo maji yaliwahi kumchukua. Mara ya tatu jiwe liliachia. Daktari alipiga ukelele mmoja tu.

Walikuwa wamepanda ngazi ya mwamba hatua kama ishirini king'ora cha bwawa kilipolia. Kwanza hapakuwa na kitu. Kisha genge lote likaanza kunguruma, na maji ya rangi ya udongo yakapita chini yao yakiwa yamebeba magogo, na jiwe lililomshika Daktari likatoweka. Sajini alitazama miguu yake, akaona ana kiatu kimoja.

Walimlaza kwenye machela na kumfunika kwa makoti. Mama Kwa Nini alimpigia mke wa Daktari, akasema maneno mawili tu, yu hai, akakata simu. Alipogeuka, aliona kwamba Daktari alikuwa na kitu chini ya kwapa ambacho hakukiachia muda wote huo. Ilikuwa chupa ya nane.

Fundi alikuwa amesimama mbali kidogo, maji yakimchuruzika, akingoja kuulizwa. Daktari hakumwuliza. Alimwita kwa kidole, akamkabidhi chupa.

"Hesabu," alisema.

Fundi aliinua chupa kwenye mwanga. Akaigeuza polepole, kama alivyofundishwa, ili uchafu utulie na wadudu waonekane. Akaigeuza tena. Mama Kwa Nini alisogea, akavaa miwani yake iliyojaa matone. Yalikuwamo matope, majani yaliyooza, na funza wekundu, wengi. Fundi alitafuta mikia miwili pande zote za chupa.

"Hamna hata mmoja," alisema. "Hiki ni kituo cha kwanza?"

"Na cha pili ni hivyo hivyo," alisema Daktari, akafumba macho.

Mama Kwa Nini alikumbuka yule mtu mnene wa kiwanda cha ngozi aliyesema na juu waangalie vizuri. Alitazama huko juu. Juu ya kituo cha kwanza hapakuwa na kiwanda wala shamba. Palikuwa na bwawa, na bomba jeusi lililotoka ubavuni mwake kupeleka maji ya kunywa mjini, kwenye zile nyumba mia tatu na nyingine zote, pamoja na yake mwenyewe. Asubuhi hiyo alikuwa amekunywa vikombe viwili.

"Mto umekuwa hivi tangu lini?" aliuliza.

Fundi aliishusha chupa kifuani. Duara mbili za kijani zilikuwa bado ukutani kule maabara.

"Sijui," alisema. "Mimi ndiye niliyetakiwa kujua."